Barua ya wazi kwa mapromota na maprefe wa Lubumbashi: mtoto wa nyumbani anaandikwaje mgeni?

Waheshimiwa mapromota wenye shule za binafsi za Lubumbashi, na maprefe mnaoziongoza, na wewe Mheshimiwa Proved unayezisimamia kwa niaba ya serikali,

Salamu zenu nyote kutoka Katuba. Ninawaandikia kwa sababu ya herufi tatu zilizoandikwa kwa biki nyekundu juu ya fardi (faili) ya mtoto wangu: ETR. Etranje. Mgeni.

Mtoto huyo ana miaka 12. Ni binti wa marehemu mdogo wangu, na tangu mama yake alipotutoka, mimi mama mkubwa ndiye mama. Alizaliwa Kitwe, Zambia, ng'ambo ya mpaka wa Kasumbalesa, kwa sababu mama yake alikuwa akiuza vitenge huko na baba yake, mtoto wa Likasi, alikuwa fundi wa magari. Wote wawili Wakongomani, wa baba na mama. Baba alitangulia, mama akafuata, nami nikavuka mpaka kumchukua mtoto pamoja na sanduku moja na sweta ya kijani ya shule yake ya zamani, ambayo mpaka leo hataki niigawe.

Mwezi wa 8 nilimpeleka kumwandikisha katika shule moja ya binafsi. Jina la shule silitaji, maana nikiitaja moja, nyingine zitasema haziwahusu. Karani alikuwa kijana mwenye adabu, alitupa viti. Alipokea cheti cha kuzaliwa, ripoti za darasa la tano na la sita, picha mbili, na kadi yangu ya mpiga kura. Akasoma cheti. "Alizaliwa Zambia?" Nikajibu ndiyo. Hakuuliza swali la pili. Hakuuliza baba yake nani, mama yake nani, mtoto analala wapi usiku. Alichukua ile biki nyekundu, akaandika, akanisogezea karatasi ya bei. Wa nchi: dola 480 kwa mwaka. Wageni: dola 1,150. Kwa mafungu matatu, la kwanza kabla ya Septemba.

Mtoto alikuwa ameinama juu ya meza anasoma zile herufi kichwa chini. Kifaransa bado hakijamkaa, lakini aliona uso wangu. Tulipofika barabarani akaniuliza, "Mama mukubwa, etranje njo nani?"

Nilimjibu njo sheria ya masomo. Sikuwa na jibu lingine, na lile nililotoa halikuwa kweli. Ndiyo maana naandika.

Karani yule hakujua kwamba meza yake naijua. Kwa miaka 9 nilikuwa karani wa uandikishaji katika shule nyingine ya binafsi ya mji huu, kabla sijaacha kazi na kuanza kuuza samaki. Kila mwezi wa 8 fardi zilipita mikononi mwangu, na juu kabisa, kona ya kulia, niliandika N, wa nchi, au E, etranje. Bei ilifuata herufi. Na katika miaka yote 9 hakuna aliyenipa karatasi inayoeleza N ni nani na E ni nani. Siku ya kwanza promota aliniambia tu, "Utawaona."

Basi nikawa nawaona. Niliwaona kwa jina la ukoo. Kwa pasipoti. Kwa namba ya gari lililowaleta. Kwa namna walivyotamka Kifaransa. Mtoto wa Mhindi wa duka la vitambaa, ambaye baba yake mwenyewe alizaliwa hapa na anaongea Kiswahili cha komini ya Kenya kunizidi mimi, nilimwandika E. Mtoto wa mkubwa mmoja wa mji, aliyezaliwa Brussels na kuingia nchini kwa pasipoti ya Ubelgiji, nilimwandika N, kwa sababu hakuna ambaye angethubutu kumwita baba yake mgeni, ingawa kifungu cha 10 cha Katiba yetu kinasema uraia wa Kongo ni mmoja na hauchanganywi na mwingine. Watoto wa wahandisi wa Kichina waliandikwa E na hapakuwa na maneno, kampuni ililipa yote kwa siku moja.

Yupo mmoja ambaye simsahau. Alikuwa Mrundi, fundi viatu, mkimbizi. Kadi yake ya ukimbizi aliyopewa na Tume ya Taifa ya Wakimbizi, ile CNR, aliifunga ndani ya nailoni mbili ili isilowe. Mtoto wake wa kiume alikuwa na miaka 8 na alizaliwa hapa hapa, Rwashi. Yule baba alikuja na fungu la kwanza kamili, kwa bei aliyoambiwa na jirani, bei ya N. Alihesabu mezani noti za franka zilizokunjwa nne nne. Nikaangalia kadi, nikaandika E, nikamwambia bei yake. Alizirudisha zile noti mfukoni moja moja, akanishukuru, akamshika mtoto mkono, wakatoka. Mlango wa prefe ulikuwa hatua 6 kutoka mezani kwangu. Ningeweza kuinuka nikagonga nikauliza. Sikuinuka. Kosa lile ni langu, simtwishi mtu mwingine, na mwezi wa 8 nilipokaa kwenye kiti cha upande wake nililikumbuka lote.

Ninyi mtasema: sheria ni sheria, mgeni ni mgeni. Basi tuiangalie sheria yenyewe.

Sheria ya uraia, namba 04/024 ya tarehe 12 Novemba 2004, inasema kwamba mtoto ambaye baba yake au mama yake ni Mkongomani ni Mkongomani tangu anapozaliwa. Mmoja tu anatosha. Mtoto wangu anao wote wawili. Sheria haisemi azaliwe upande gani wa Kasumbalesa. Na upande wa pili nako hakuna mlango ulio wazi: Zambia haimpi mtoto uraia kwa sababu tu alizaliwa kwenye ardhi yake. Aliyezaliwa kule na wazazi wa nje, akiwa anaishi kule, anaweza kuomba akishatimiza miaka 18. Kwa hiyo Zambia mtoto huyu hakuwa Mzambia hata siku moja. Alikuwa Mkongomani anayeishi Kitwe. Amerudi kwao, na shule ya kwao imemwandika mgeni. Niambieni, mnataka awe mwenyeji wa wapi?

Nilirudi shuleni kumwambia prefe maneno hayo. Alinisikiliza vizuri, nampa heshima yake. Akasema, "Mama, leta cheti cha uraia, tutabadilisha." Cheti cha uraia, Bwana Prefe, kinatolewa na Waziri wa Sheria, na waziri yuko Kinshasa. Kutoka hapa Kinshasa ni ndege. Mimi mwenyewe, niliyezaliwa Katuba, sina cheti hicho. Nina kadi ya mpiga kura, ile tuliyopewa wakati wa kuandikishwa kwa ajili ya uchaguzi wa 2023, na kadi hiyo ndiyo kitambulisho cha watu wazima wengi wa mji huu, kwa benki, kwa simu, kwa polisi. Mtoto wa miaka 12 hawezi kuwa nayo. Waambieni wazazi wote wa N walete cheti cha waziri kesho asubuhi, muone madarasa yatabaki na wangapi. Wao hamkuwauliza kwa sababu waliandikiwa Lubumbashi kwenye cheti cha kuzaliwa. Mahali pa kuzaliwa pamegeuka kuwa uraia, na uraia umegeuka kuwa bei, na hakuna aliyekaa akaamua hivyo kwa maandishi.

Halafu kuna wale ambao kweli si Wakongomani, kama mtoto wa yule fundi viatu. Siwaachi nyuma ili wangu apite. Kifungu cha 45 cha Katiba kinasema kila mtu anaweza kuingia katika shule za elimu ya taifa bila kubaguliwa kwa sababu ya mahali alikotoka. Ninyi ni shule za binafsi, ndiyo, lakini mnafundisha programu ya taifa, mnatembelewa na wakaguzi wa serikali, watoto wenu wanafanya mtihani wa taifa wa kumaliza shule ya msingi na ule wa kumaliza sekondari, Exetat, sawa na wengine wote. Mkataba wa wakimbizi wa 1951, ambao nchi yetu imo ndani yake tangu 1965, unadai katika kifungu cha 22 kwamba kwa elimu ya msingi mkimbizi atendewe sawa na mwenye nchi. Mtaniambia mkataba unaihusu serikali. Ndiyo maana nimemwandikia na Proved.

Na mji wetu wenyewe, jamani. Reli ilifika hapa 1910 ikitokea kusini, na mji ukaanza mwaka huohuo. Kampuni ya madini, Union Minière, ilichota wafanyakazi Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ndiyo Zambia, ikachota Kasai na Lomami, ikachota Ruanda-Urundi kuanzia miaka ya 1920. Babu yetu alikuja kwa kandarasi kutoka upande wa Kabinda hajui neno la Kiswahili. Alikikuta kambini, akamwoa Mubemba wa Sakania, na watoto wao walikuwa na lugha tatu kabla ya kuota meno ya pili. Nyanya huyo alikufa tukiwa wakubwa, na Kibemba chake ndicho mtoto wangu anachoongea leo na wazee wa parsela yetu, wakacheka kwa furaha kwamba mtoto wa Kitwe anakisema kuliko wajukuu wa Katuba. Mtoto yule amefika nyumbani akiwa na maneno ya nyanya mkuu wake mdomoni. Mezani kwa karani hayo hayakuhesabiwa.

Sasa nataka kuwaeleza jambo ambalo limenifungua macho, nalo limetoka mbali.

Nina kaka, muuguzi. Alikuwa kazini Pweto vita vilipofika huko mwezi wa 12 wa mwaka 2000, akavuka Zambia na wagonjwa wake waliokuwa na nguvu za kutembea. Aliishi kambini miaka mingi. Binti yake alizaliwa Meheba, kambi ya zamani karibu na Solwezi. Baadaye walichukuliwa kama wakimbizi wakapelekwa Marekani. Mwaka jana binti huyo, ana akili sana ya hesabu, walimu wake walimshauri aombe nafasi katika shule ya binafsi ya bweni. Fomu ilikuwa na swali lenu lilelile: mwombaji wa ndani, au wa kimataifa? Kaka alinipigia WhatsApp usiku, sauti yake ya wasiwasi naijua. "Dada, nikijaza vibaya watamfukuza?" Tukaisoma ile fomu pamoja, yeye akitafsiri, mimi nikiuliza kama karani.

Kule neno lina maana, na maana yake imeandikwa. Shule ya binafsi inayotaka kumpokea mtoto anayetoka nchi nyingine kuja kusoma inahitaji kibali cha serikali cha kumtolea fomu iitwayo I-20, na kwa fomu hiyo ndipo mtoto anapoomba viza ya mwanafunzi, F-1. Mtoto anayehitaji karatasi hiyo ndiye wanayemwita wa kimataifa. Aliye na kadi ya kijani, ile ya ukazi wa kudumu, haihitaji, kwa hiyo shule kwa kawaida inamhesabu wa ndani, awe alizaliwa Meheba, Bukavu au baharini. Na mkimbizi anaombewa kadi hiyo akishakaa nchini mwaka mmoja. Kaka na binti yake walikuwa nayo. Binti aliweka alama kwenye "wa ndani", na shule haikuwa na neno.

Sisemi kule ni peponi. Mtoto asiye na karatasi yoyote, kila shule ya binafsi inaamua kivyake imweke wapi. Mahakama Kuu yao ilitoa hukumu 1982 kwamba shule za umma haziwezi kumfungia mlango mtoto kwa sababu hana kibali cha kuishi nchini, lakini hukumu hiyo ni ya shule za umma, haikuingia katika za binafsi. Na neno hilo linauma pia mfukoni, maana shule nyingi zina misaada ya karo ambayo kwa sehemu kubwa zinawawekea waombaji wa ndani. Mwenye kuandikwa vibaya anapoteza. Lakini angalau mzazi anajua anaulizwa nini. Anaulizwa: je, shule ina kazi ya viza kwa ajili ya mtoto huyu, au haina? Akijua hivyo, anaweza kujibu, na akikosewa anaweza kubisha.

Basi tazameni watoto hawa wawili, mabinamu, wajukuu wa mzee mmoja. Aliyezaliwa Meheba, Mkongomani, anahesabiwa wa ndani katika nchi ambayo hakuna hata jiwe lenye jina la babu yake. Aliyezaliwa Kitwe, Mkongomani, anahesabiwa mgeni katika mji ambao babu yake amezikwa. Nimeipindua fikra hiyo usiku na mchana, sijaona inakosimama.

Na ninyi, kwa mtoto wangu, viza mliiomba wapi? Hakuna barua mliyomwandikia mtu, hakuna kibali mlichomfuatia kwa watu wa uhamiaji, hamkumpokea kituoni, hamlazi. Anatoka nyumbani Katuba saa 12 na nusu asubuhi kwa miguu. Tofauti ya dola 670 inalipia kazi gani?

Kazi moja ipo, nami siifichi. Mtoto wangu alisoma kwa Kiingereza, na Kifaransa kinamshinda. Tena kule mwaka wa shule unaanza Januari na hapa unaanza Septemba, kwa hiyo hakumaliza darasa lake la saba, na programu hazilingani. Mwalimu atapata taabu. Anastahili kulipwa kwa taabu hiyo. Wekeni basi masomo ya ziada ya Kifaransa, yawe na saa zake, na mwalimu wake, na bei yake, na kila mtoto anayeyahitaji alipie. Nitakuwa wa kwanza kulipa. Lakini yahesabiwe kwa mahitaji. Katika darasa la mtoto wangu yuko mvulana aliyetoka Kasai mwaka huu na Kiluba chake cha Kasai, Kifaransa hana, na yeye ni N, analipa 480. Wangu analipa 1,150 na masomo ya ziada hayajaanza hata siku moja. Kwa hiyo ile pesa ya juu haikuwa ya Kifaransa.

Mapromota wengine wameniambia kwa ukweli, na ninawashukuru kwa ukweli huo, kwamba wageni ndio wanaobeba shule. Kampuni za madini zinalipa kwa dola, bila kuchelewa, na pesa hiyo inafika kwa mishahara ya walimu wakati wazazi wa nchi wamekwama kwenye fungu la pili. Naamini. Niliona vitabu vya pesa kwa macho yangu. Andikeni basi "bei ya kampuni" na mtoze kampuni. Kampuni inalipia mtoto wa Mchina, wa Mfaransa, au hata wa Mkongomani aliyeajiriwa vizuri, bei iwe ileile. Msimtoze yatima wa Kitwe na mtoto wa fundi viatu kwa hesabu mliyoitengeneza kwa ajili ya mgodi.

Majirani zetu waliwahi kuliwaza jambo hili kwa upande wa vyuo vikuu. Katika itifaki ya elimu ya SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, iliyotiwa saini Blantyre 1997, nchi zilikubaliana kuelekea huko: mwanafunzi anayetoka nchi ya SADC ahesabiwe, kwa karo na kwa malazi, kama mwanafunzi wa nyumbani. Ni vyuo, si sekondari, na si shule za watu binafsi, sijaileta kuwafunga. Nimeileta kwa sababu mawaziri na maraisi wa upande huu wa Afrika waliona kwamba mwanafunzi anayevuka mpaka kusoma nchi jirani anaweza kulipa kama mwenyeji. Na ninyi mna Mkongomani mkononi anayelipa zaidi ya mara mbili.

Sasa niwaambie kinachotokea asubuhi, maana haya ya karatasi watu wazima tunaweza kuyavumilia.

Niliuza friza. Ndiyo iliyokuwa inanigandishia tomsoni, samaki ninazouza jioni. Sasa nanunua za siku tu, zikibaki zinaharibika. Nililipa fungu la kwanza la bei ya mgeni kwa sababu Septemba ilikuwa imefika na sikutaka akae nyumbani. Nikamshonea sketi ya bluu na shati jeupe. Mwezi wa 10 nilimsindikiza siku moja, nikasimama nje ya geti. Watoto walipanga mistari, bendera ikapandishwa, wakaimba wimbo wa taifa. Mtoto wangu amejifunza maneno yote kwa wiki mbili, aliyaandika kwenye kaye kwa matamshi ya Kiingereza ili asikosee, na siku ile aliimba ametoa kifua. Wimbo ulipokwisha, mkuu wa nidhamu akatoa orodha. "Waetranje wote, upande huu." Walikuwa 11. Ilikuwa ni kuwakumbusha tarehe ya fungu la pili, si jambo baya, hata sauti yake haikuwa kali. Mtoto wangu akatoka mstarini na sketi yake ya bluu. Mvulana mmoja wa nyuma akasema kitu, wenzake wakacheka. Sikukisikia. Jioni nilimuuliza, akasema hakumbuki.

Tangu siku ile haimbi nyumbani.

Ninachowaomba, waheshimiwa, kinaingia katika ukurasa mmoja. Andikeni maana ya neno mgeni, mbandike ukutani kabla ya mwezi wa 8, mzazi aisome kabla hajafungua pochi. Mimi, kwa miaka yangu 9 ya mezani, nawapa maana hii, mnaweza kuirekebisha: mtoto anayekaa Lubumbashi na mzazi au mlezi wake ni wa hapa, awe Mkongomani aliyezaliwa nje, awe mkimbizi, awe Mhindi wa kizazi cha tatu. Mgeni ni yule anayeletwa na shule kutoka nchi nyingine kwa ajili ya masomo, ambaye shule inamfuatia viza na kumtafutia mahali pa kulala. Kazi hiyo ina gharama, na gharama itozwe. Kwa kuthibitisha makazi, pokeeni kadi ya mlezi, barua ya mkuu wa kata, hata kadi ya ubatizo. Hicho cheti cha waziri acheni kukidai kwa mtoto ikiwa hamkidai kwa wote. Na orodha za malipo zipelekwe kwa wazazi ndani ya bahasha, zisisomwe mbele ya bendera.

Kwako, Mheshimiwa Proved. Kila mwaka gavana anatia saini arete, amri, ya ada za shule, na kwenu ndiko inakoandaliwa. Shule za binafsi zinapanga bei zake na kamati za wazazi, najua, na sikuombi upange bei kwa niaba yao. Nakuomba waraka mmoja unaosema kwamba shule yoyote yenye bei mbili ieleze kwa maandishi nani analipa ipi na kwa sababu gani, na kwamba mtoto wa Mkongomani asiandikwe etranje kwa sababu ya mji uliotajwa kwenye cheti chake cha kuzaliwa. Wakaguzi wako wanaingia katika shule hizi tayari, wanaangalia daftari za walimu na vyoo. Waombe wafungue na zile fardi, waangalie kona ya juu ya kulia, wamuulize karani: "Hii uliijuaje?" Makarani hawatakuwa na jibu. Mimi sikuwa nalo.

Na kama kuna karani anayesoma barua hii, mwanangu, mlango wa prefe hauko mbali. Gonga.

Fungu la pili linadaiwa mwezi wa kwanza. Nitakuja mwenyewe asubuhi, pamoja na mtoto, na pesa ya bei ya N, dola 160, kwenye mfuko wangu wa samaki nilioufua. Naomba fardi yake ifunguliwe mbele yetu. Lisomwe jina la baba yake, mtoto wa Likasi, na jina la mama yake, wa Katuba. Ninyi mtaleta biki ya rangi yoyote mnayotaka.

Kwa heshima,

Mama mkubwa wa mwanafunzi,
Katuba, Lubumbashi